Mjadala: Ukishinda uchaguzi, umepewa ruhusa ya kiasi gani?

Ndugu zangu, naliweka hili mezani kwa sababu kila linapozuka, kwenye matatu au msibani, tunarushiana majina ya viongozi na hoja yenyewe inapotea. Hoja ninayoipinga nitaieleza jinsi wenyewe wanavyoieleza. Wanasema aliyeshinda ameshinda. Wananchi wamempa miaka mitano, basi aachiwe aongoze kwa ujasiri, hata kwa maamuzi yanayouma, maana kiongozi anayeogopa watu hajengi kitu. Asiyeridhika angoje, tukutane debeni.

Nianze na kosa la upande wangu. Sisi tunaoikosoa serikali ya Kenya tunapenda sana kutaja hesabu za 9 Agosti 2022. William Ruto alipata kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, akamshinda Raila Odinga kwa kura 233,211. Waliojiandikisha walikuwa 22,120,458, kwa hiyo waliomchagua hawafiki hata theluthi ya daftari. Hesabu ni sahihi, lakini haitusaidii. Katiba inadai zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Alizipata, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi wake. Rais aliyepita kwa kura moja amepewa kiti kizima. Na aliyelala nyumbani siku ile hakumnyima kura Ruto peke yake, aliwanyima wote.

Kwa hiyo ukubwa wa ushindi nauweka kando. Ninachouliza ni kitu kingine: siku ile watu walikuwa wameulizwa nini? Kura ni jibu, na jibu halina maana bila swali lake.

Turudi Desemba 2002. Mwai Kibaki alishinda urais kwa takriban asilimia 62, ushindi ambao wengi wetu tuliushangilia hadi sauti zikakauka. Jukwaani alikuwa ameahidi elimu ya msingi bila malipo. Januari 2003 milango ikafunguliwa, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakaingia. Madarasa yalifurika, madawati hayakutosha, walimu walilemewa vibaya. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alivaa sare na kaptula akaingia darasa la kwanza kule Eldoret. Ule ulikuwa uamuzi wa ghafla na wa gharama kubwa, na maandalizi yake yalikuwa haba. Ukitafuta ujasiri wa kutawala, ndio huo. Lakini hakuna aliyeingia barabarani kuupinga, kwa kuwa ulikuwa umetangazwa kabla ya kura na watu wakautilia debeni jibu la ndiyo.

Sasa mtazameni kiongozi huyohuyo miaka isiyozidi mitatu baadaye. Tarehe 21 Novemba 2005 aliwapelekea Wakenya rasimu ya katiba, tofauti na ile iliyokuwa imetoka kwenye mkutano wa kitaifa wa katiba kule Bomas. Ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa lilikuwa hapana. Chungwa likapata kama asilimia 58, na baada ya siku mbili rais akavunja baraza lake lote la mawaziri. Je, wapiga kura waligeuka? Sioni hivyo. Walikuwa wameulizwa swali jipya, nao wakalijibu upya. Ile asilimia 62 ya 2002 haikuwa akiba ya benki ambayo mtu angeichota kwa jambo lolote atakalo.

Hapo ndipo ninapousoma mwaka 2024. Kampeni ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ilikuwa kampeni ya mkokoteni, mama mboga na bodaboda. Nilihudhuria mikutano miwili nikimsindikiza mama yangu mdogo, ambaye anauza sukuma wiki na nyanya, na aliyeamini kila neno. Ujumbe ulikuwa gharama ya maisha itashuka na mnyonge atainuliwa. Nyumba za bei nafuu zilikuwamo kwenye ilani, nakiri. Makato ya asilimia 1.5 ya mshahara ili kuzijenga sikuyasikia katika mkutano hata mmoja kati ya hiyo miwili. Halafu ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, ukiwa na ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mama mdogo aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mimi nilimpa kura. Kibeti changu sikumpa."

Tuseme kweli, mkate na magari viliondolewa tarehe 18 Juni baada ya watu kupiga kelele. Lakini mswada uliendelea. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliuunga mkono dhidi ya 106, na alasiri ileile vijana wakaingia Bungeni huku risasi zikilia. Kufikia mwanzoni mwa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano yale. Tarehe 26 Juni rais akatangaza kwamba hatatia sahihi. Wingi Bungeni ulikuwepo na ulitumika wote, lakini haukuweza kuibadilisha hapana ya watu kuwa ndiyo. Wale waliokufa wangekuwa hai kama jibu hilo lingesikizwa wiki moja mapema. Siwezi kuliandika hili kwa utulivu, nisameheni.

Hoja nzito zaidi ya wenzetu ni deni. Wanasema serikali ilirithi madeni, yalikuwa yameiva, na kiongozi hawezi kuitisha kura kwa kila mswada. La mwisho nakubali kabisa. Likija janga ambalo hakuna aliyelitarajia, kama corona au ukame mkali, kiongozi atende, kisha ajieleze. Lakini ile hatifungani, yaani mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyowakosesha watu usingizi ilitolewa mwaka 2014, na tangu siku hiyo ilijulikana kwamba ingelipwa Juni 2024. Kila aliyewania urais 2022 aliijua tarehe hiyo. Huwezi kulificha jambo wakati wa kuomba kura, kisha baada ya kushinda useme kura ile ndiyo iliyokuruhusu kulitenda. Mgonjwa aliyekubali kung'olewa jino hajakubali kukatwa mguu, hata kama daktari alijua tangu mwanzo kwamba mguu umeoza. Alipaswa kumwambia.

Nimeona pia watu wakitupiga na methali, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali nzuri ya siku ya matokeo. Kukubali kwamba Ruto ni rais hakunilazimishi kukubali kila mswada unaotoka kwake. Katiba ya 2010 inaanza kwa kusema mamlaka ni ya wananchi, na kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe watu katika kutunga sheria. Vifungu hivyo havilali baada ya uchaguzi ili viamke tena miaka mitano ikiisha.

Kwa hiyo naomba wanaonipinga wasinijibu kwa "mngoje 2027". Nionyesheni ni katika mkutano upi, au ukurasa upi wa ilani, wapiga kura wa 2022 waliombwa kuukubali mzigo ule wa kodi. Kama hakuna, ridhaa mnayoitaja ilitoka wapi?

Na nyinyi wa upande wangu, nina swali lenu pia. Mtakubali mgombea wetu apande jukwaani kabla ya Agosti 2027 na kutaja wazi kodi atakazoongeza ili kulilipa deni hili, hata kama kwa kusema hivyo tutashindwa?