Tupeane uzoefu: Kununua nyumba ndani ya kiwanda cha zamani mjini

Muuguzi wa Zamu (Lowell, Massachusetts)

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Nina miaka tisa hapa Lowell, nafanya zamu za usiku, na mwezi huu benki imenikubalia mkopo wangu wa kwanza wa nyumba. Nimeonyeshwa lofti, yaani fleti pana ya wazi, katika kiwanda cha zamani cha nguo kando ya mfereji. Dari liko juu futi 14, madirisha yanaanzia kiunoni hadi karibu na boriti, ukuta ni tofali jekundu tupu. Niliposimama mle ndani nilikosa la kusema.

Bibi yangu aliita kitambaa kizito cheupe "merekani". Nguo ile ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, Lowell ikiwemo, ikapelekwa Zanzibar kwa merikebu za Salem karne ya 19, na kutoka huko ikapanda bara kwa misafara. Kwa hiyo jengo hili si la kigeni kabisa kwangu, na ndiyo maana naogopa moyo usije ukanunua kabla ya kichwa.

Uzuri wake naujua, wakala ameshaueleza wote. Naomba mabaya. Aliyenunua, aliyeuza, aliyeghairi mlangoni, tafadhali aseme. Nina wiki mbili kabla ya kutia sahihi.

Baba Pacha

Dada, nilinunua 2014 nikauza 2019, mji wa viwanda hukuhuku Massachusetts. Nitakuambia yote kwa sababu mimi sikupata wa kuniambia.

Nianze na baridi. Joto hupanda, na dari likiwa mbali hivyo unalipia kupasha hewa iliyo juu ya kichwa chako huku miguu inaganda. Ukuta wa tofali tupu hauna kitu ndani cha kuzuia baridi. Ukitaka kuuwekea, lazima uufunike, na ukiufunika umefuta kile kilichokufanya ununue. Madirisha yangu yalikuwa ya kioo kimoja, na hita ilikuwa ya umeme. Bili ya Januari ya mwaka wa kwanza ilikuja dola 480 kwa nyumba ya mtu na mkewe. Nikataka kubadilisha madirisha, nikaambiwa si yangu: upande wa nje wa jengo ni mali ya umoja wa wamiliki, na kwa kuwa liko eneo la kihistoria, hata umoja wenyewe hauwezi kubadili sura ya dirisha bila kibali. Tulibandika plastiki kila majira ya baridi kwa miaka mitano.

Kelele ndiyo iliyotutoa. Sakafu za viwanda hivi ni mbao nene zilizolazwa juu ya boriti kubwa. Walijenga hivyo makusudi, ili moto ukitokea mbao ziungue polepole na watu wapate muda wa kuuzima. Kwa moto ni ujenzi mzuri sana. Kwa sauti, hakuna kitu katikati ya sakafu ya jirani na dari lako. Akidondosha kijiko unasikia. Wewe unalala mchana, dada, na mchana ndipo watoto wanakimbia na mafundi wanatoboa kuta. Halafu jua: pazia la dirisha la futi kumi hulikuti dukani, ni la kushonesha.

Siku za joto kali mbao zilikuwa zikitoa harufu ya mafuta ya mashine. Miaka zaidi ya mia ya kumwagiwa mafuta haiishi kwa kupigwa msasa.

Pacha walipozaliwa likaja la rangi. Sheria ya Massachusetts inasema nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ikiwa na mtoto chini ya miaka 6, rangi yenye madini ya risasi lazima iondolewe au ifunikwe. Boriti zetu zilikuwa na mabaki ya rangi ya kale, yale yaliyoonekana kwenye picha kama pambo. Tulilipa.

Mwisho kabisa, barua: paa na lifti, kila mwenye nyumba atoe dola 11,000 kwa mafungu matatu, juu ya ada ya kila mwezi. Kumbe jambo hilo lilikuwa limejadiliwa kwenye mikutano ya umoja miaka miwili kabla sijanunua. Limeandikwa. Sikuomba kusoma.

Muuguzi wa Zamu

Hilo la usingizi sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilionyeshwa nyumba Jumanne saa nne asubuhi, jengo zima kimya kwa sababu watu wako kazini. Asante, kaka. Wengine?

Fundi Chokaa (Unguja zamani, sasa Toronto)

Assalamu alaykum. Mie ni mwashi. Nimejifunza kazi kwenye nyumba za Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, na huku nakarabati matofali ya maghala ya zamani. Ugonjwa ni mmoja. Chokaa inapumua: ukuta ukinywa maji ya mvua, yanatoka taratibu kwenye viungo. Anakuja mtu na saruji kwa kudhani anauimarisha, maji yanakosa pa kutokea, yanarudi ndani ya jiwe. Unguja chumvi inapasua lipu. Huku maji yanaganda ndani ya tofali na uso wake unabanduka kama ganda la mkate.

Basi dada, ukienda tena usitazame dari. Tazama viungo kati ya matofali. Ukiona vya kijivu, vigumu, vipya, na tofali za pembeni yake zimeliwa kingo, jua walitumia saruji na kazi itarudiwa kwa pesa zenu. Weka kiganja ukutani chini ya dirisha na karibu na bomba la maji ya paa. Ukikuta unga mweupe, ni chumvi iliyoachwa na maji, ina maana ukuta unapitisha.

Na pitisha kidole kwenye tofali la ndani. Wengi waliogeuza viwanda hivi walisafisha kuta kwa kupiga mchanga kwa upepo, wakaondoa lile ganda gumu lililoivishwa na tanuri. Kilichobaki ni laini, kinatoa vumbi jekundu maisha yote, kwenye kitanda na kwenye chakula. Nimefanya kazi kwa familia ambayo mtoto wao alikuwa na pumu, nikawaambia ukweli wakaufunika ukuta wote.

Baba Pacha

Vumbi jekundu! Miaka mitano tulidhani ni la barabarani.

Mgeni wa Jersey

Mimi ni wa walioghairi. Jengo lilikuwa zuri na bei yake ilikuwa nafuu kuliko majirani. Nikamuuliza wakala swali moja: hapa walikuwa wakitengeneza nini? Akasema "viwandani tu, vitu vidogovidogo". Sikutosheka, kwa sababu huku New Jersey tuna historia ya Hoboken. Mtaa wa Grand kulikuwa na jengo lililowahi kuwa kiwanda cha taa za mvuke wa zebaki. Miaka ya 1990 kundi la wasanii walilinunua wakaligeuza makazi na studio. 1995 wakaanza kukuta matone ya zebaki ndani ya nyumba, na Januari 1996 familia zote zikatolewa, watoto wakiwemo. 1997 serikali kuu ikaliingiza kwenye orodha ya maeneo yenye sumu mbaya zaidi nchini. Baadaye likabomolewa. Watu wale waliweka akiba zao zote mle.

Kwa hiyo niliomba ripoti ya ukaguzi wa ardhi na jengo kabla halijageuzwa. Wiki ya kwanza nikaambiwa inatafutwa, ya pili vilevile, ya tatu nikaondoa ofa yangu. Labda jengo lile ni salama kabisa. Sina ushahidi dhidi yake, ila sikulaza watoto wangu juu ya "labda".

Bibi Karafuu (London)

Mwanangu, nimesoma yenu yote. Hapa London maghala ya mtoni yamegeuzwa fleti tangu zamani. Pale St Katharine Docks lipo jengo la miaka ya 1850 liitwalo Ivory House. Pembe za ndovu zilikuwa zikiwekwa humo, na pembe nyingi za bara letu zilipita Unguja kabla ya kufika London, zimebebwa mabegani na watu ambao hatuna hata majina yao. Sasa juu ni fleti, chini maduka. Sijapata kupita pale nikaona jengo tu.

Yangu ilikuwa ghala jingine. Kosa langu ni miaka. Hapa fleti nyingi hununui ardhi wala jengo, unanunua haki ya kukaa kwa miaka kadhaa. Nilinunua imebaki 83, nikaona mingi, mie mwenyewe sitaimaliza. Ikishuka chini ya 80, gharama ya kuirefusha inapanda na benki zinaanza kumkataa mnunuzi wako. Nilipotaka kuuza ilikuwa 78. Kazi za jengo nazo, zikimfikisha mtu yeyote zaidi ya pauni 250, mwenye jengo lazima awaulize kwanza kwa maandishi. Anakuuliza, lakini hahitaji ukubali. Na jengo la kihistoria ukibadilisha dirisha bila kibali ni kosa la jinai.

Huko kwenu Massachusetts naona mnamiliki moja kwa moja, hilo mshukuru.

Dada wa Minneapolis

Langu ni dogo. Lofti yangu haina kuta za ndani, "chumba" ni jukwaa la mbao juu ya jikoni. Tuliipenda tukiwa wawili. Kisha mama akaja kutoka Tanga kukaa miezi mitatu. Hakuna mlango isipokuwa wa chooni. Mama alikuwa akibadilisha nguo chooni, akiswali kwenye kona nyuma ya kabati la nguo, na mume wangu akawa anachelewa kurudi nyumbani kutoka kazini makusudi ili mkwewe apumue. Nikikaanga samaki, harufu inalala nasi kitandani siku mbili. Mama hakulalamika hata siku moja. Wiki ya sita aliniambia amekumbuka kuku wake, akaomba tiketi ibadilishwe arudi mapema.

Muuguzi wa Zamu

Hili la mwisho nimelisoma mara tatu. Mama yangu anakuja Agosti kutoka Nyeri.

Niwape mrejesho. Wakili amenieleza kuhusu cheti ambacho hapa muuzaji hukileta wakati wa kuuza, kinachoitwa 6(d). Kinaonyesha kama muuzaji anadaiwa ada za jengo, basi. Hakisemi lolote kuhusu paa la mwaka kesho. Kwa hiyo nimeomba kumbukumbu za mikutano za miaka mitatu, hesabu ya mfuko wa akiba, na maelezo ya mafuriko, maana mto Merrimack ulifurika vibaya Mei 2006 na mitambo ya umeme ya jengo lote iko chini kabisa. Benki nayo imetuma maswali yake kuhusu matengenezo yaliyoahirishwa. Wanasema ukali huo umeongezeka tangu jengo la Surfside, Florida, lilipoanguka Juni 2021 na kuua watu 98.

Kumbukumbu zimefika jana, kurasa 41. Ukurasa wa 17 wanajadili viungo vya matofali upande wa mfereji, na mkandarasi anapendekeza saruji. Fundi Chokaa, nitakutumia picha usiku huu, naomba uziangalie.

Na muuzaji amekubali nirudi Jumamosi saa nane mchana, nikae peke yangu kwa saa moja. Nitazima simu, nilale sakafuni, nisikilize.