Arubaini ya Babu (kikundi cha familia, Malindi)

JUMANNE

Da Khadija, 20:14
Asalaam aleikum jamaa. Khitma ya arubaini ya Babu ni Ijumaa hii baada ya Alasiri, hapa hapa Shela. Mchele upo. Mbuzi ni mmoja, wanatakiwa wawili. Humu tuko 31, waliotuma ni 4. Pia nataka mtu asimame aeleze maisha ya Babu, vitukuu wamjue.

Da Khadija, 20:15
Na ule mkebe wake wa biskuti, wenye medali na beji ya kichwa cha kifaru. Uko kwa nani?

Fundi, 20:31
Kumbe Babu alikuwa na kifaru? Basi achinjwe huyo, mbuzi wa nini tena 😂

Mpwa Maweni, 20:32
😂😂😂

Da Khadija, 20:34
Jamani! Ni alama ya Divisheni ya 11, Keya (askari wetu wa jeshi la Mwingereza) waliopelekwa vitani Bama (Burma) 1944. Tumebakisha siku tatu.

Kaka Dubai, 21:50
Nimetuma elfu tano. Mimi alinisimulia mvua za bonde la Kabaw, buti zikimuozea mguuni. Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Akifika hapo hukunja kanzu mpaka magotini, kama maji yako barazani.

JUMATANO

Shangazi, 06:02
Mkebe muulizeni Saidi. Alichukua karatasi za Babu, ati akamfuatilie haki yake Nairobi. Babu kazikwa, hatujaona karatasi wala shilingi.

Ami Saidi, 06:40
Dada, haya tena? Karatasi zilibaki kwenye hiyo ofisi, nimerudi mara tatu. Medali sikuigusa wallahi.

Shangazi, 06:41
Ndivyo ulivyosema matangani.

Fundi, 06:45
Mbuzi nimempata Ganda, elfu tisa. Ana pembe moja.

Mpwa Maweni, 06:46
Ndiye yule kifaru 😂😂

Da Khadija, 06:50
Fundi usilipe kwanza. Shangazi, Ami, nawaomba.

Da Khadija, 13:20
Nani atazungumza Ijumaa?

Da Khadija, 16:05
Mmesoma wote, naona.

Mjomba Watamu, 17:48
Ndiyo naona sasa. Mimi alinambia ndege za Mtaliano zilipopiga Malindi 1940 ndipo alipoutaka uaskari. Alipokwenda kujiandikisha akajiongezea miaka.

Binti wa Bi Mkubwa, 19:05
Bibi yuko edani, hashiki simu. Nimemsomea yote. Kaniambia niandike kama anavyosema:
"Saidi alitumwa na babake. Mimi ndiye niliyemfungia mahamri ya njiani. Neno hilo lisirudiwe nikiwa hai. Medali ninayo na haitoki, mwenyewe hakuivaa hata siku moja. Wenzake wa mizinga walipanda meli Kilindini, yeye wakamwacha hospitali na homa. Meli ikazama nao. Alikuwa na rafiki yake mmoja humo, kila Ijumaa akimsomea Fatiha kabla ya wazazi wake. Mkitaka kumkumbuka mume wangu, waombeeni wale."

Ami Saidi, 19:30
Nimesikia, mama.

Kaka Dubai, 20:12
Meli ni Khedive Ismail. Nyambizi ya Japani iliipiga tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa kama dakika mbili, wakafa zaidi ya watu 1,200. Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki kilikuwemo. Miaka yote hiyo nimekaa naye baraza moja, hakunitajia.

Shangazi, 21:37
Kila Februari alikuwa akienda ufukweni peke yake. Tukidhani anapunga upepo.

Da Khadija, 21:40
Muulize Bibi jina la huyo rafiki, tumtaje kwenye dua.

Binti wa Bi Mkubwa, 21:58
Kashalala. Nitamuuliza asubuhi inshaallah.

ALHAMISI

Da Khadija, 05:58
Umemuuliza? Na sufuria kubwa la msikitini nani analifuata? Na msemaji bado sina.

Shangazi, 07:30
Saidi ana gari.

Fundi, 08:15
Mbuzi nimeshamlipia.

Da Khadija, 08:16
Fundi!!

Da Khadija, 11:02
Jina la yule rafiki, jamani.