Mjadala: Wavuvi wa fimbo nao wapimiwe samaki na wafungiwe msimu?

Wadau wa bahari na maziwa, naomba hili tuliongee bila kuoneana haya. Sisi tunaovua kwa kujifurahisha, wa fimbo na boti ya faiba Jumamosi na Jumapili, tuwekewe kipimo cha chini cha samaki na miezi ya kufunga, kama wanavyowekewa wanaovua kwa riziki? Mimi nasema ndiyo. Nina fimbo mkononi mwaka wa kumi na moja sasa, natokea Dar es Salaam, na sheria hiyo ikija itanibana mimi mwenyewe kabla ya mtu mwingine.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la kaka mmoja wa Ujiji. Tulikaa jamvi moja msibani, maneno yakaenda mpaka yakafika kwenye samaki. Akaniambia: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Miezi mitatu karabai zimezimwa, mitumbwi iko mchangani, ada za watoto zinatafutwa kwa kukopa. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa: "Na ninyi mnaovua kwa raha, mnafungiwa lini?" Nilinyamaza. Nimelibeba swali hilo mpaka leo.

Ziwa Victoria ni hivyo hivyo. Mvuvi wa Mwanza au Musoma anajua sangara wa chini ya sentimita 50 ni kosa na sato wa chini ya sentimita 25 ni kosa. Samaki wa chini ya hapo kwa kawaida hajapata kuzaa hata mara moja, na ukimla huyo umekula na wanawe. Mtu ambaye chakula cha jioni kinategemea mtumbwi wake anawekewa rula. Mimi ambaye nikirudi mikono mitupu nitapita buchani kununua nyama, niachwe niende zangu?

Najua jibu ambalo wenzangu wengi wanalo, maana nililitumia mwenyewe miaka mingi: fimbo moja haiwezi kumaliza bahari, waliomaliza samaki ni makokoro, baruti na trola. Kwamba kokoro na baruti vinaharibu zaidi, hakuna ubishi, na vyote viwili vimepigwa marufuku siku nyingi. Lakini "mwingine anaharibu zaidi" haijawahi kuwa ruhusa ya mimi kuharibu kidogo. Tena si kweli kwamba fimbo haziwezi. Nendeni Afrika Kusini, pwani ya KwaZulu-Natal. Kuna samaki wanamwita shad, wengine elf, anapita karibu na ufuo kwa makundi, na maelfu ya watu husimama kwenye mawe na mchanga kumvua kwa fimbo, wengi wao kwa kujifurahisha. Samaki yule alipungua vibaya. Miaka ya 1970 wakaweka masharti: kipimo cha chini, idadi kwa siku, na miezi ya kufunga. Hadi leo mvuvi wa fimbo kule haruhusiwi shad wa chini ya sentimita 30, hachukui zaidi ya wanne kwa siku, na Oktoba na Novemba hamgusi kabisa. Samaki akarudi. Watu bado wanasimama kwenye mawe yale yale na fimbo zao.

Na fimbo zetu za leo si zile za zamani. Boti ina injini mbili, ina kioo kinachoonesha mwamba na samaki waliolala juu yake, ina kifaa kinachoweka alama ya mahali pale usipotee siku nyingine. Mzee aliyenifundisha mshipi, mtu wa Kunduchi, alikuwa akitafuta mwamba wake kwa kulinganisha minazi miwili na paa la msikiti, na ukungu ukishuka amekwisha. Mimi narudi juu ya mwamba ule ule usiku wa giza bila kukosea hata hatua kumi.

Hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Tunasema hatukuwahi kuwa na msimu wa kufunga baharini. Tulikuwa nao, ila hakuna aliyeuandika. Kusi ikishika, kuanzia Mei hivi, ngalawa na mitumbwi midogo ilikuwa haitoki nje ya miamba. Watu walishona nyavu, walilima, walivua ndani kwa maji mafu, na miamba ya mbali ilipumzika miezi mizima. Upepo ndio uliokuwa ukifunga. Boti zetu za faiba zimeufuta msimu ule, na hatukuweka kitu mahali pake. Sasa nje kunavuliwa mwaka mzima.

Sasa nije kwa chewa, samaki wa miambani, kwa sababu huyu ndiye anayenikosesha usingizi, na ndiye anayeonesha kwamba kipimo peke yake hakitoshi.

Mwaka jana, Januari, bahari imelala kama kioo, tulikuwa juu ya mwamba wa pima thelathini na kitu. Rafiki yangu akanasa chewa. Alipofika juu alikuwa mdogo, labda urefu wa mkono hadi kiwiko. Tukakubaliana arudishwe, maana wote tunajiona watu waungwana. Lakini samaki yule alikuwa ameshakwisha. Macho yametoka nje, tumbo limejaa upepo, na mdomoni palijitokeza kitu cha waridi kama puto: mfuko wake wa chakula umesukumwa nje. Chewa ana kibofu cha hewa ndani. Ukimvuta haraka kutoka kilindini hewa ile inavimba kwa sababu uzito wa maji umepungua. Tulimtia majini akaelea kichalichali, akapiga mkia mara mbili tatu. Hakuweza kuzama. Boti ikasogea na mkondo, na kile kitu cheupe kikabaki nyuma yetu juu ya maji mpaka hatukukiona tena.

Kwa hiyo wanaosema "sisi tunarudisha, hatuhitaji sheria" nawaomba waseme wanarudisha samaki gani. Sulisuli anayenaswa juu juu, asipopigishwa mieleka kupita kiasi na asipopandishwa botini, ana nafasi nzuri ya kwenda zake. Watamu na Malindi, kule Kenya, wamekuwa wakiwafunga sulisuli na nduwaro vitambulisho na kuwaachia tangu miaka ya 1990, na wageni hawakuacha kuja. Kolekole naye ni mgumu, anarudi vizuri. Kwa hawa kipimo cha chini kina maana kamili: pima, mdogo arudi. Kolekole mkubwa, yule wa kichwa kizito, hukomaa akifika kama sentimita 60, na bado naona picha za watu wanatabasamu na wa sentimita 40 wamepangwa kama kuni.

Chewa wa kilindini hapimiki kwa namna hiyo. Ukimjua ni mdogo, umeshamuua. Na ana jambo jingine: chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakikua sana ndipo wanageuka madume. Ukiweka sheria ya "chukua wakubwa tu, wadogo waache", unayemwondoa kwanza mwambani ni dume, na majike wanabaki bila mwenzao. Kwa hiyo kwake dawa ni kumfungia mahali na wakati. Pwani ya kusini ya Kenya watafiti waliwakuta chewa wakikusanyika kutaga kati ya Novemba na Februari, sehemu zile zile kila mwaka. Hiyo ndiyo kaskazi, bahari imetulia, ndio wakati wetu mtamu wa kutoka. Ule upumziko wa kusi nilioutaja uliwapa samaki nafasi ya kukua, lakini siku zao za harusi haukuzilinda.

Hapa nakubali sheria itauma. Mwenye boti ya kukodisha anapata wateja Desemba na Januari, ukimwambia bahari imefungwa umemfungia duka. Ndiyo maana sipendekezi kufunga bahari nzima. Funga uvuvi wa chini, wa chambo kilichofungwa risasi, kwenye miamba inayojulikana kwamba chewa hukusanyika, kwa miezi hiyo. Kuvuta chambo juu juu kwa ajili ya jodari, nguru na sulisuli kuendelee. Mgeni atapata siku yake, nahodha atapata ujira wake, chewa ataachwa.

Swali la nani atasimamia nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nimekaa nchi hii. Niliwahi kusimamishwa na mtu mwenye kitabu cha risiti ambaye hakutazama hata sanduku la samaki, alitaka tu mazungumzo yaishe kwa njia anayoijua. Sheria ya rula ikiangukia mikono ya namna hiyo itakuwa mradi wa mtu. Lakini tazameni Pemba. Kisiwa Panza wanakijiji wenyewe walikaa, wakakubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa pweza, miezi michache asiguswe, kisha siku ya kufungua wanaingia wote. Pweza anakua haraka mno, ukimwachia miezi mitatu unamwona tofauti kwa macho. Doria walifanya wao. Sheria ya kipimo cha pweza, nusu kilo kwenda juu, ipo Tanzania miaka mingi, na hata hivyo vipweza vidogo bado unavikuta kwenye ndoo. Tofauti niliyoiona mimi ni nani aliyeitunga siku ya kufunga.

Sisi wa fimbo tuna wepesi ambao wavuvi wengine hawana. Tunatokea sehemu chache, tunafahamiana, boti zetu zina majina. Vilabu vikisema picha ya samaki mdogo haipandi ukutani na boti iliyokutwa juu ya mwamba uliofungwa haishiriki shindano, nusu ya kazi imefanyika kabla ya ofisa yeyote kufika. Nusu nyingine lazima iwe sheria yenye adhabu, kwa sababu mtu mmoja mbishi anatosha kuwakatisha tamaa kumi waliotii.

Jambo moja nataka lieleweke. Siwazungumzii vijana wa mshipi wanaokaa darajani au kwenye gati na kupata vichangu vitano vya kupeleka nyumbani. Yule hana tofauti na bibi anayechokonoa chaza kwenye maji kupwa. Mstari uchorwe kwenye leseni ya uvuvi wa michezo na boti ya injini. Dada mmoja aliniambia mstari huo utachezewa, kwamba mwenye boti atajiita mvuvi wa kitoweo. Huenda. Basi idadi ya samaki kwa siku iwekwe na ihesabiwe kwa boti, maana kitoweo cha watu wanne hakijazi sanduku la barafu la lita mia.

Kuhusu vipimo vyenyewe, nguru aanzie wapi, changu aanzie wapi, sioni sababu ya kubishana hapa. Samaki apasuliwe, mayai yaangaliwe, wataalamu waseme. Mimi tangu Januari ile naandika daftarini kila samaki ninayempasua: tarehe, urefu, mwezi una siku ngapi, ana mayai au hana. Nina kurasa kumi na tatu sasa. Pwani nzima ikiandika hivyo miaka miwili, hatutasubiri kuambiwa.

Kwa hiyo nawauliza wenye miamba yao, wa Tanga, Mafia, Lindi, Shimoni, na ndugu zangu wa Unguja: kwenu chewa wanajaa mayai mwezi gani, na ni giza au mbalamwezi? Na kaka wa Ujiji, ukilisoma hili, nieleze ziwa lilipofunguliwa ile Agosti mlikuta nini kwenye nyavu.