Naomba ushauri: makala ina marejeo ambayo hayapo
Wakuu habari zenu, mi ni mhariri wa jarida dogo la utafiti, kuna makala nimeipitia nikakuta marejeo matatu hayapo popote, majina ya waandishi ni ya kweli, jarida la kweli, hadi DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni) ipo ila ukiifungua inakupeleka kwenye mambo mengine kabisa. Nimembana mwandishi kakiri alitumia ChatGPT, eti kurekebisha lugha tu. Najua COPE (kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji) walishasema tangu 2023 kuwa AI haiwezi kuwa mwandishi na ukiitumia lazima useme, ila data zake naona ziko sawa. Nimrudishie asahihishe au niikatae kabisa? Na mhakiki mmoja nahisi kaipakia makala nzima humo humo kwenye ChatGPT, hiyo ndo inaniuma zaidi maana ni kazi ya mtu haijachapishwa bado. Mliokutana na hili mlifanyaje?