Mjadala: Sura za waliokimbia vita zionyeshwe?

Mtu wa Ndosho: Ndugu zangu, kuna video ya zamani inazunguka tena kwenye simu. Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Bulengo, hapa Goma, mashariki mwa Congo, anaeleza, sura wazi, ni kina nani waliomfukuza kwao Masisi. Alipoongea, Goma ilikuwa bado mikononi mwa serikali. Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini, Februari kambi zikavunjwa, watu wakarudi walikotoka. Mama huyo leo analala chini ya mamlaka ya walewale aliowataja. Mimi nasema waandishi waandike yote, lakini sura na jina vibaki kwao. Mnaonaje?

Mwana Mugunga: Sikubali, kaka. Tarehe 3 Mei 2024, siku ya uhuru wa vyombo vya habari duniani (tazama mambo!), mabomu yaliangukia kambi za huku kwetu Mugunga. Kinshasa na Kigali wakaanza kurushiana lawama maiti hazijazikwa. Bila picha za mahema yaliyochanika na za watoto wale, wangetuambia hakuna kilichotokea. Ukificha kila sura, utabaki na migongo tu, na mgongo haumlilii mtu.

Motari wa Birere: Mimi nawabeba kwa pikipiki hao waandishi wageni. Mama akilia, kamera inasogea. Akianza kueleza bei ya unga, kamera inazimwa. Jioni wamevuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na kijana wetu aliyewatafsiria anabaki kuulizwa maswali.

Dada wa Kadutu: Huku Bukavu tuna Panzi, hospitali inayotibu wanawake waliobakwa, tumewasikiliza hao mama miaka mingi. Wapo wanaotaka waonekane. Ukimfunika uso mtu asiyetaka kufunikwa, unamfanya aonekane kama yeye ndiye mwenye kosa. Msituamulie, papa.

Mtu wa Ndosho: Hapo umenishika, dada. Anayetaka mwenyewe, aonekane. Ila ruhusa ya kambini unaijua ilivyo: mtu ana njaa, msimamizi wa kambi amesimama pembeni, mgeni anauliza kwa Kifaransa "unakubali?" Nani atakataa, akidhani huenda chakula kinapitia kwa huyo mwenye kamera? Na amekubali kwa hali ya siku ile. Mji ukibadilika mikono, ile ndiyo yake inageuka ushahidi dhidi yake.

Halafu tusisahau redio. Huku habari imetembea kwa redio tangu zamani. Sauti inafika hadi Walikale bila sura. Na waliolipa gharama kubwa ni hao wenyeji wa redio: Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wa Radio Okapi, waliuawa Bukavu. Edmond Bahati wa Radio Maria alipigwa risasi hapa Ndosho Septemba 2024. Hawakuwa na ndege ya kuwarudisha kwao, kwao ni hapa.

Mwana Mugunga: Redio sawa, lakini bomu halionekani redioni, kaka. Ya Mugunga nitaendelea kuitetea: bomu lenyewe, mahema, hata maiti zikifunikwa kwa heshima. Kwa aliye hai anayetaja majina ya watu wenye bunduki, sawa, nakuachia. Sasa niambie: huyo mama wa Bulengo akitaka video ifutwe, ampigie nani?

Motari wa Birere: Namba waliyomwachia kwenye karatasi haipatikani. Niliijaribu mimi mwenyewe.