Wamemwambia marehemu mama yangu "RUDI NYUMBANI" katikati ya arobaini yake. Hawa watu wana mama kweli?

Mwana wa Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, salamu sina. Nimetoka chini ya turubai sasa hivi, naandika nimekalia ndoo nyuma ya nyumba kwa sababu ndani shangazi bado anapepewa na kanga tatu.

Kampuni ya simu yenyewe siitaji, uzi utafutwa. Mnawajua. Ni wale wale ambao hujanawa uso asubuhi wameshakuita "mpendwa".

Leo ilikuwa arobaini ya mama, hapa Igoma, Mwanza. Mama wa dagaa wa pale Mwaloni, Kirumba, waliowahi kumkopa wanamkumbuka. Kitochi chake tulikiweka mezani kando ya picha yake. Kimefungwa kwa mpira wa kufungia noti, batani ya 5 imefutika kabisa, na kwenye vinafasi vya batani bado kuna vigamba vya dagaa, ukikiinamisha juani vinang'aa. Mtaniuliza kwa nini simu ya marehemu ilikuwa hewani. Nitafika huko, na hapo ndipo mtakaponielewa.

Katekista anasali. Kimya, mpaka unamsikia kuku akimeza punje. Anasema mama yetu hatarudi kwetu tena, sisi ndio tutakaomfuata. Hajafunga mdomo, TI-TI! Mjukuu wake yuko darasa la tatu, ndiye aliyekuwa anamsomea bibi meseji macho yalipochoka. Mtoto wa watu kwa mazoea kainuka, kaichukua, kasoma kwa ile sauti ya kusomea ubaoni:

"MPENDWA, TUMEKUKUMBUKA! Rudi nyumbani leo, tunakusubiri. Dakika 40 BURE."

Arobaini. Dakika arobaini!

Shangazi akaenda chini mzima mzima. Mjomba, ambaye goti lake limegoma tangu daraja la Busisi halijawa hata mchoro, tumemkuta kituo cha daladala anauliza gari la kwanza linaenda wapi. Wapishi walitoka nduki, pilau likaungua, harufu nadhani imefika Ukerewe. Katekista mwenyewe kaushika msalaba kwa mikono miwili. Akabaki mtoto peke yake katikati ya viti vilivyopinduka, simu mkononi, ananiuliza: "Kwani bibi anarudi leo?"

Wakuu. "Kwani bibi anarudi leo?"

Sasa sikieni kwa nini ilikuwa hewani. Siku 11 zilizopita nilikwenda dukani kwao pale mjini, mama ana 83,000 kwenye simu, tulitaka tuongezee hela ya hii arobaini. Wakanidai cheti cha kifo cha RITA. Nikatoa. Wakanidai na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo. Bado inashughulikiwa. Dada wa kaunta akatoa kopi ya cheti, akagonga muhuri, akasema "pole sana kaka, ila laini msiizime mpaka mirathi ikamilike". Tukatii.

Kwa hiyo WANAJUA. Kwenye kutoa hela ya mama, mama amekufa na wana kopi. Kwenye kuuza dakika, mama yuko hai, ni mpendwa, na wamemkumbuka!

Tena neno lenyewe, kukumbuka. Kwetu ukisema umemkumbuka mtu, umebeba hata kilo ya sukari umekwenda kumwona. Hawa walimkumbuka lini? Walimuunganisha na ule wimbo wa kumpigia ambao hakuuomba, kila siku wakimkata, kila asubuhi nasikia, "Wamekula tena, mayu wee." Mpaka leo ukimpigia unasikia muziki wa kucheza. Wateja wake wa Ukerewe wanapiga kutoa pole, wanapokelewa na ngoma.

Na nyumbani kwa nani arudi? Nyumba yake ni hii, turubai limefungwa hapa. Mtoto bado anaangalia geti.

Sina swali. Nimekasirika.

Bujora Mjanja

Pole sana mkuu. Ila nasubiri taarifa ya mjomba. Goti limerudi lilivyokuwa au ndiyo limepona moja kwa moja?

Kigoto Kavu

Mkuu dakika 40 za bure unazilia? Zitumie fasta, hizo huwa zinaisha saa 6 usiku.

Mwana wa Mwaloni

Chekeni. Kauliza "kwani bibi anarudi leo?" Wewe Kigoto ungemjibu nini? Niandikie hapa jibu, nikampe.

Kigoto Kavu

😶

Msomi wa Butimba

Mleta uzi pole. Hili tukio wataalamu wamelijadili. Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika mwaka 1952 kuhusu sadfa zenye maana, yaani mambo mawili yanakutana bila moja kusababisha lingine, lakini yakikutana yanamgusa mtu kana kwamba yamepangwa. Anaeleza jinsi mgonjwa wake alivyokuwa akimsimulia ndoto ya mdudu wa dhahabu, mara mdudu anayefanana naye akagonga dirisha. Jung akafungua, akamdaka, akamkabidhi.

Nyerere Road

Huko Uswisi mdudu kagonga dirisha, huku Igoma kampuni imegonga matanga.

Hesabu Haidanganyi

Hakuna sadfa yenye maana hapo. Laini ni mamilioni, meseji zinatumwa kwa mkupuo. Kila siku nchi hii kuna arobaini nyingi. Lazima moja ikutane nazo.

Mwana wa Mwaloni

Mama yangu alikuwa mmoja. Na hiyo 40 imetoka wapi? Kwa nini isiwe dakika 35?

Nilikaa Kitengo

Mkuu nimewahi kufanya huduma kwa wateja, kampuni siitaji na mimi. Hakuna mtu anayeandika ile. Mashine inahesabu siku laini haijaweka vocha wala kupiga. Zikifika kiasi fulani inaitupa kwenye kapu la waliokimbia, kapu zima linapokea meseji moja. Simu ya mama inapokea tu, haipigi, ndiyo maana ikaingia kapuni. Cheti chako kimebaki kwenye faili la upande wa pesa. Upande wa mauzo hawalioni.

Mwana wa Mwaloni

Waliokimbia?? Mama yangu amekimbia??? Kaondoka hadaiwi hata mia na mtu pale Mwaloni, leo yuko kwenye kapu la waliokimbia!

Na hapo umenimaliza zaidi. Maana yake hakuna hata mtu wa kumgombeza. Mtu angeandika kwa ubaya ningemwendea. Hii wamepanga namba, namba ikamkuta katekista anataja kutorudi.

Mabatini Juu

Tuma hiyo meseji kwenda 15040, TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, wanapokea.

Nyerere Road

Hiyo ni ya matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hawa wana leseni, wana duka lenye kiyoyozi.

Mama Wawili Pasiansi

Kaka pole, mama apumzike. Mtoto mwite ukae naye, mwambie taratibu, asijue kwa majirani.

Ila nami niseme langu, wenzangu mnisaidie. Mche wa sabuni ninaonunua bei ni ile ile, lakini nikiukata vipande havitimii kama zamani. Karatasi wameandika "MPYA, SASA BORA ZAIDI". Ubora wa kupungua ndio upi?

Dagaa Mchele

Afadhali sabuni. Mimi ni hao wa mikeka ya kubeti. Saa 9 usiku simu inalia, nina mgonjwa Bugando, naruka kitandani najua wananiita wodini. "Bahati yako imefika!" Nilitetemeka mpaka asubuhi. Mgonjwa alitoka salama, lakini neno bahati sitaki kulisikia.

Bujora Mjanja

Hiyo ya Bugando imeipita arobaini. Mleta uzi kubali.

Mwana wa Mwaloni

Sishindani na mtu. Lakini Dagaa Mchele, hukuwa na mtoto mbele yako anayeuliza bibi anarudi leo.

Sahani Moja

Jamani nikiwa nasoma uzi huu, NAAPA, imeingia kwangu. "Mpendwa, tumekukumbuka." Niko hai, niko Nyegezi stendi, nakula mahindi. Wakuu niko hai kweli?

Kigoto Kavu

Jishike mapigo, utujulishe.

Msomi wa Butimba

Ndiyo ninachowaeleza.

Hesabu Haidanganyi

Na ndiyo ninachowaeleza mimi. Mkupuo.

Sengerema Asili

Umetaja daraja la Busisi mkuu, umenitonesha. Tangu lifunguliwe Juni 2025 magari yanakata hizo kilomita 3 bila kusimama. Zamani foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa soko letu, mayai, sato wa kukaanga, mahindi. Mama yangu mdogo alisomeshea watoto foleni ile. Sasa kaweka bango kubwa "KARIBU MPENDWA MTEJA", hakuna anayeligeukia.

Mabatini Juu

Wewe hukuwahi kubeba mgonjwa ukakuta kivuko kimeondoka. Acha daraja lipumue.

Sengerema Asili

Sijasema libomolewe. Nasema sato.

Nyerere Road

Sato wa Busisi hamfikii wa Mwaloni, tusidanganyane. Wa Mwaloni anafika bado anakuangalia.

Mwana wa Mwaloni

Shangazi ameamka. Anaulizia simu iko wapi. Mtoto amelala nayo, ameishika, hataki mtu aichukue. Niizime nipoteze mirathi, au niiache iite tena usiku?

Sengerema Asili

Wa Mwaloni mnawaweka barafu siku mbili halafu mnasema mbichi!

Dagaa Mchele

Kilo moja leo Kirumba wanauzaje?