Blaster 200 inabanwa ukipita nusu resi tangu itoke gereji

ZabibuHombolo:
Wakuu, habari za saa hizi. Yamaha Blaster 200 ya 2004, pikipiki ya matairi manne, tustroki, inavuta kitela cha zabibu shambani Hombolo. Imetoka gereji wiki hii. Silinda imechongwa, pistoni na ringi mpya, oili sili ya kranki upande wa magneto imebadilishwa, kabureta imeoshwa, pampu ya oili imetolewa. Sasa oili inachanganywa kwenye petroli, nusu lita kwa lita 20.

Inawaka kiki ya pili. Tatizo ni kwamba ukiachia resi haishuki hapohapo, inaning'inia juu sekunde tatu au nne ndipo irudi sailensa, ule mngurumo wa chini bila resi. Ukipita nusu resi inabanwa na kumisi, ukirudisha nyuma inatulia. Plagi ni B8ES mpya na inatoka nyeupe. Fundi anasema ni hewa ya Dodoma, anataka kuweka jeti (kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) ndogo zaidi. Nimruhusu?

Spana_14:
Usimruhusu, mkuu, na usiivutishe kitela mpaka hili liishe.

Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo jeti ileile iliyokuwa sawa Dar huku inatoa petroli nyingi kuliko inavyotakiwa. Plagi ingekuwa nyeusi na imelowa. Yako ni nyeupe, na resi inaning'inia: petroli ni chache, au kuna hewa inaingia kwa mlango wa uani. Ukipunguza jeti hapo unaua pistoni mpya, maana kwenye tustroki petroli ndiyo inayobeba oili. Petroli ikipungua, joto linapanda na ulainishaji unapungua kwa pamoja.

Kipimo cha haraka: injini ikiwa ya moto, ifikishe pale inapobanwa kisha vuta choki kidogo. Ikichangamka, ina njaa ya petroli. Ikizidi kuzama, petroli imezidi.

Halafu fungua kabureta uangalie slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta resi. Ule mkato wa chini lazima utazame upande wa chujio la hewa. Baada ya kuoshwa, kuirudisha kinyume ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Hakikisha pia mfuniko wa boksi la chujio umerudishwa.

MotaMpwapwa:
Naongeza moja, kwa sababu "kubanwa" na "kumisi" huenda ni magonjwa mawili. Blaster ina mfumo unaoitwa TORS. Kuna swichi kwenye kisanduku cha resi ya kidole gumba na nyingine kwenye kabureta. Zisipokubaliana, kisanduku chake kinakata moto wa plagi kikidhani slaidi imekwama juu. Fundi akirudisha kabureta na kuacha kebo ya resi imelegea au imekazwa mno, swichi zinagombana na injini inamisi kama ina plagi mbovu. Breki ya kuegesha nayo ina swichi inayozuia injini kupandisha resi. Breki ikibaki imevutwa kidogo, au swichi ikijaa vumbi, unapata dalili ileile.

Hakikisha kwanza slaidi inaanguka yenyewe ukiachia resi, usikie "tak". Kisha weka gia huru, kidole kwenye swichi ya kuzimia, chomoa soketi ya kisanduku cha TORS na upige resi. Kumisi kukiisha, rekebisha kebo ibaki na mchezo wa milimita chache tu, halafu urudishe soketi. Ule mfumo upo kwa ajili ya shingo yako.

ZabibuHombolo:
Asanteni. Slaidi ilikuwa sawa. TORS ikichomolewa kumisi kunaisha, kebo kweli ilikuwa imelegea sana. Lakini resi bado inaning'inia, na ukivuta choki inachangamka. Mfuniko wa boksi la chujio haukuwepo, nimeurudisha, nafuu ni ndogo.

Spana_14:
Basi kuna pahali panavuta hewa. Usibahatishe, jaza injini upepo.

Toa kabureta na ekzosi. Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha tyubu ya tairi, ukibane kwa flenji yake. Kwenye mpira wa kabureta ingiza kizibo chenye tundu dogo, kaza klipu, na kwenye tundu unganisha mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya mkono yenye saa. Plagi ibaki imefungwa, pistoni iwe chini kabisa. Pampu hadi saa isome 300, ambayo ni karibu psi 6. Usizidishe, upepo mwingi unasukuma sili zitoke. Injini nzima inakaa karibu palepale kwa dakika sita. Ikishuka zaidi ya 50 ndani ya dakika moja, inavuja.

Sasa pakaa povu la sabuni kwa brashi: mpira wa kabureta pande zote mbili, gasketi ya chini ya silinda, kichwa cha silinda, halafu sili ya magneto. Hiyo ndiyo mshukiwa wangu mkubwa. Toa magneto kwa pula yake, kile kifaa cha kuivutia nje, usiigonge kwa nyundo. Upande wa sili wenye springi utazame ndani ya kranki. Wakati wa kuingiza mpya, zungushia selotepu pale kwenye kranki penye njia ya ufunguo wa nusu mwezi (kile kichuma kinachoshikilia magneto isihame), ncha yake inachana mdomo wa sili kimyakimya. Ufunguo wenyewe ukikuta umekatika kidogo, badilisha, vinginevyo moto utakuja wakati usio wake.

Mrija wa kupumulia wa giaboksi utumbukize kwenye kikombe cha maji. Mapovu yakitoka, sili ya upande wa klachi imekufa, na hapo utaona pia moshi mweupe na oili ya gia inapungua.

Na kwa kuwa pampu ya oili imetolewa: ule mrija mwembamba uliokuwa unapeleka oili umezibwa wapi na kwa kitu gani? Ukiachwa wazi, au ukizibwa kwa gundi ya kubahatisha, ni tundu la hewa la saa 24. Chuchu yake ikiwa iko kwenye kabureta, kipimo cha upepo hakitaiona kwa sababu kabureta umeitoa. Ikague kwa macho.

ZabibuHombolo:
Chuchu ilizibwa kwa kipande cha plastiki, ukikigusa kinachezacheza. Sili nayo inatoa povu upande wa chini. Naagiza sili nyingine mjini.

MotaMpwapwa:
Ziba chuchu kwa kofia ya mpira unaostahimili petroli, na klipu juu yake. Ukishafunga, pima upepo tena kabla ya kuwasha.

Kuhusu mchanganyiko: nusu lita kwa lita 20 ni 40 kwa 1. Kwa pistoni mpya kwenye joto la shamba tumia 32 kwa 1, yaani mililita 625 kwa lita 20. Usiende mbali zaidi ya hapo, oili ikizidi, petroli inapungua ndani ya ujazo uleule. Washa ipate moto, zima ipoe kabisa, rudia mara tatu, kisha kaza nati za kichwa kwa msalaba injini ikiwa baridi.

Sponji la chujio lioshe kwa maji ya sabuni, likauke, ulipake oili ya chujio na kulikamua. Likiwa kavu, vumbi la Hombolo linapita moja kwa moja hadi kwenye ringi. Jeti ziguse mwisho, kwa plagi mpya: gia ya tatu, resi yote kwa mita mia mbili hivi, bana klachi na kuzima kwa pamoja, toa plagi. Kahawia ni sawa. Nyeusi yenye unyevu, hapo ndipo umruhusu fundi ashushe jeti, hatua moja tu kila mara.